Injini ya Nyasi na Pikapu ya Fundi Mkuu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali mjini Nyeri sikupewa bomba la kupulizia rangi. Fundi Mkuu alinipeleka nyuma kwenye kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa ndani ya tangi, akanionyesha koki iliyo chini yake.

"Wewe msichana, fungua hapo utoe maji. Hewa ya huku iko na ukungu mingi. Maji ikifika kwa rangi, utaona vishimo."

Miaka mitatu nilifungua koki hiyo kila asubuhi, nikinung'unika. Baadaye nikapaka magari, nikahamishiwa Wang'uru kwenye matrekta ya mpunga, nikarudi, nikastaafu. Fundi Mkuu, ambaye sasa ni mzee, ndiye aliyenifanya fundi, na nampenda pamoja na ukali wake.

Mwaka jana mkewe alinipigia simu kutoka Kiganjo. Mzee alikuwa anaelekea kupofuka, na hamu yake ilikuwa kuiona pikapu yake ya ujana ikiwa buluu tena. Nikaivuta hadi kwangu, nikanyoosha bodi, nikapiga msasa. Ikabaki hewa ya kupulizia rangi.

Kompresa niliyonunua kuukuu ilikuwa na mota ya stima ya fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye nguvu, na nyumbani nina moja tu. Kuomba nyingine kwa kampuni ya stima kungechukua miezi, na macho ya mzee hayangenisubiri. Nikaing'oa mota, nikafunga mkanda kutoka kwenye injini ya petroli inayoendesha mashine ya kukata nyasi za ng'ombe wetu. Injini ile hukimbia mno, kwa hiyo niliipa puli ndogo, yaani gurudumu la kuzungusha mkanda, ili kompresa izunguke polepole. Tangi likajaa, nikapaka.

Saa kumi jioni ng'ombe wakaanza kelele. Mume wangu akaja na ndoo mkononi.

"Mama Ciku, ati sasa ng'ombe ikule rangi?"

Nikarudisha mkanda kwenye mashine ya nyasi, ng'ombe wakala, nikaufunga tena kwenye kompresa na kumalizia boneti mbiombio kabla ukungu haujashuka.

Jumamosi mzee aliletwa akishikwa mkono. Aliinama hadi pua ikakaribia boneti, akapitisha kidole juu ya rangi. Nilidhani nimechelewa.

"Buluu yangu," akasema. Kisha kidole kikasimama kwenye kishimo kidogo kama mbegu ya sukumawiki. "Na hapa hukutoa maji, wewe msichana."

Nimepita sitini, na sijawahi kufurahia kugombezwa namna hiyo. Nililia mbele yake bila aibu.

Siku hizi haoni kabisa. Lakini kila nikienda Kiganjo, kidole chake hukitafuta kile kishimo, nami nagombezwa upya.