Siku Karatu Iliponyamaza

Watu wa Karatu hawajui kumficha siri mtu aliye jukwaani. Nasema hivi bila kumchukia yeyote, maana ni watu wangu, na mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa kinara wao. Wewe tunga mchezo wako vizuri, weka jambo moja ambalo watazamaji wanalijua na mhusika halijui, kisha simama pembeni usubiri. Hazipiti dakika mbili kabla mtu hajasimama kumwambia mhusika kila kitu.

Kwenye chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa Kiswahili alituambia kwamba jambo hilo linaitwa kinaya, na kwamba utamu wa michezo na riwaya za familia uko hapo hasa. Baba anasifu uaminifu wa mwanawe, nasi tumeshamwona mwana akichota karanga za kuuza. Tunacheka, tunaumia, na hatuna la kufanya ila kungoja. Nilimwelewa sana mkufunzi yule. Nilikuwa nikisoma riwaya bwenini, nikifika mahali mke anampokea kwa furaha mgeni atakayemvunjia nyumba, nafunga kitabu kwanza nipumue. Nikajiapiza kwamba nikipata shule nitaupeleka utamu huo kwa watu wangu.

Nikapangiwa Karatu, nilikozaliwa. Mchezo wangu wa kwanza, katikati ya miaka ya sabini, ulihusu mzee anayejifanya mgonjwa ili asiende kupalilia mahindi. Mkewe anamkanda kwa maji ya moto, na sasa anataka kumchinjia jogoo wa mwisho. Alipomshika tu huyo jogoo, mama yangu akapiga kelele kutoka mstari wa mbele: "Wewe mwanamke, usichinje! Mfunue hilo blanketi, amevaa viatu!" Mke akacheka, mgonjwa akacheka ndani ya blanketi, na mchezo ukaishia hapo. Nilinuna siku tatu. Mama akaniuliza kama nilitaka jogoo wa watu afe bure.

Miaka michache baadaye nikaamua kujaribu tena, japo wakati huo nilikuwa na jambo langu lililoninyima raha. Nilikuwa na mchumba. Alikuwa msaidizi wa bwana mifugo, mtoto wa wafugaji wa Endulen, aliyeletwa Karatu kusimamia josho. Mimi ni mtoto wa wakulima, Mwiraqw wa mlimani. Kwetu walishakubali, baada ya maneno mengi. Kwao alibaki mtu mmoja, mama yake, mjane, na bila neno lake hapakuwa na ndoa. Alikuwa amemwambia mwanawe kwamba hana ugomvi na sura yangu wala kazi yangu. Shida yake ni kwamba wakulima hufunga mlango wakila, naye hataki kuzeeka akibisha hodi kwa mwanawe.

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu mbili. Kwanza, yalikuwa uonevu. Pili, kwetu kweli tulifunga mlango wakati wa kula, ingawa mama alisema ni kwa ajili ya vumbi.

Mama huyo angekuja baada ya mvua, hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Nikajiandaa kama mtu anayengoja mtihani. Mchumba wangu alinifundisha nimwite yeyo, yaani mama, na nisimpe mkono bali niinamishe kichwa. Angeniwekea mkono utosini aseme "takwenya", nami niitike "iko". Nilifanya mazoezi mbele ya kabati. Sukari siku hizo ilikuwa ya kupanga foleni na kurudi mikono mitupu, lakini mimi nilikuwa na karibu nusu kilo kwenye kopo, nimeidunduliza miezi mitatu huku nikinywa chai chungu. Kopo lile hakuruhusiwa mtu kuligusa. Lilikuwa la mama mkwe.

Siku ya wazazi shuleni ikaangukia siku ya mnada. Mchezo wangu ulikuwa wa mwanamke anayepika tangu asubuhi kumngoja mama mkwe ambaye hajawahi kumwona. Anafika kikongwe mlangoni kuomba maji. Mwanamke anamfukuza kwa mwiko, anamwambia aondoke, leo ana mgeni wa maana. Watazamaji wanajua kikongwe ni nani, yeye hajui. Nilipoutunga sikugundua kabisa kwamba nilikuwa naandika woga wangu mwenyewe. Mtu angeniambia ningemkasirikia.

Mwalimu aliyetakiwa kucheza mkamwana akashikwa na matubwitubwi, basi nikaingia mimi. Kikongwe alichezwa na mwalimu wa hesabu, mwanamke mnene mwenye afya yake, tuliyempaka majivu kichwani. Jukwaa lilikuwa baraza ya darasa la sita, na pazia letu mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja. Kabla ya kuanza nikasimama mbele ya pazia na kutoa amri. "Ndugu wazazi, leo mtajua jambo ambalo mimi silijui. Tafadhalini nyamazeni. Atakayeniambia ameniharibia mchezo, na sitamsamehe."

Watu wakatazamana. Wengine wakaziba midomo. Nikadhani ni nidhamu.

Wewe msomaji nikuambie sasa hivi, ili uwe sawa na Karatu nzima. Asubuhi ile mama wa mchumba wangu alikuwa ameteremka na lori lililokuja kuchukua mahindi, bila kumwambia mwanawe. Alifika mnadani akauliza kwa sauti, mwalimu anayetaka kuolewa na mwanangu ni yupi? Kufika saa tano mnada mzima ulikuwa na habari. Alikuwa amekaa mstari wa pili, nyuma ya mama yangu, na kibuyu cha maziwa mapajani. Mchumba wangu alikuwa joshoni, na ng'ombe wa watu.

Mchezo ukaenda vizuri mpaka mahali pa maji. Mwenzangu akaomba kwa sauti ya koo lililokauka. Nikainua mwiko: "Nenda zako, bibi! Leo nina mgeni wa maana!" Nikangoja kelele za kawaida. Badala yake nikamwona mama mmoja wa kifugaji, mrefu, mwembamba, shanga zimejaa shingoni, anapanda barazani taratibu. Hakunitazama. Akafungua kibuyu chake, akamimina maziwa kwenye kifuniko, akampa mwenzangu. Mwenzangu akanywa bila haya. Akamiminiwa tena, akanywa tena, mpaka kibuyu kikaisha.

Hasira zikanipanda. Baada ya wiki nne za mazoezi!

"Mama," nikasema, mwiko nimeuelekeza kwake, "huu ni mchezo tu. Huyu ni mwalimu, ameshakunywa chai. Rudi ukae, unaniharibia kazi."

Hapo ndipo aliponitazama. "Ameomba maji," akasema kwa Kiswahili cha taratibu. "Nimemsikia." Kisha akashuka, akarudi kukaa.

Hakuna aliyepiga kelele wala kucheka. Mama yangu alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya khanga, macho yamemtoka. Moyoni nikashangilia. Hatimaye wamejifunza! Wameelewa kinaya! Nikaendelea kwa raha ambayo sikuwahi kuipata jukwaani. Nikamsifia mgeni wangu wa maana, nikaapa nitakavyompokea, nikaapa nitakavyomkalisha kwenye kigoda kizuri, na kadiri nilivyoapa ndivyo uwanja ulivyozidi kuwa kimya. Siri ilipofichuka nikaanguka magotini mbele ya mwalimu wa hesabu, na makofi yakapigwa mpaka wauza mbuzi wakaja kuona kuna nini.

Hasira zangu huja upesi na kuondoka upesi, zikaniachia aibu. Niliporudi kwenye nyumba yangu, nyuma tu ya madarasa, nikamkuta yule mama ameketi juu ya tofali mlangoni, kibuyu kitupu kipo miguuni. Nikadhani amekuja kunigombeza, na haki alikuwa nayo.

"Karibu ndani, mama," nikamwambia. "Nimekunyooshea mwiko mbele za watu. Nisamehe. Na maziwa yako tumeyamaliza. Ulikuwa unampelekea nani?"

"Mtu," akasema, akaingia, akakaa.

Nikabandika chai. Ilipochemka nikalishika kopo la sukari na kusimama nalo, nakiri, kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Huyu hanijui, nikawaza, nikimpa chai chungu atakunywa na kushukuru. Lakini nikakumbuka kifuniko cha maziwa kikipita mbele yangu kwenda kwa mtu ambaye hakuwa hata na kiu. Nikafungua kopo, nikamtilia vijiko vitatu.

Akaonja, akanyanyua macho. "Sukari! Umeipata wapi?"

"Nimemwekea mama wa mchumba wangu, anatoka Endulen. Lakini yeye hajafika, na wewe umefika."

"Ni mkali?"

"Nasikia hivyo. Namwogopa kabla sijamwona. Akinikataa, mimi nimekwisha, mama. Nampenda mwanawe."

"Labda si mkali," akasema, akapuliza chai yake.

Dirishani nikasikia mtu anakohoa kikohozi cha uongo. Nikageuka. Vichwa vilikuwa vimejipanga, cha mama yangu mbele, na mwalimu wa hesabu pembeni yake bado ana maziwa juu ya mdomo. Kabla sijawafukuza, yule mama akaweka kikombe chini.

"Lete kichwa," akasema.

Nikainama kwa mazoea ya kabatini. Mkono mkavu, wa moto, ukatua utosini. "Takwenya." Mdomo wangu ukaitika iko kabla akili haijafika. Akili ilipofika, nikaanguka magotini, safari hii bila kuigiza. Nikalia kwa sauti, sina sababu ya kuficha.

"Ulinifukuza kwa mwiko," akasema, mkono bado uko kichwani pangu. "Kisha ukanipa sukari yangu, na wewe hujui ni yangu. Na mlango wako uko wazi." Akautazama mlango kwa kuridhika. Sikumwambia kwamba kitasa kilikuwa kimevunjika wiki mbili nyuma.

Nilipopata sauti nikamgeukia mama yangu dirishani. "Wewe uliyemwokoa jogoo, mimi mwanao umeshindwa kuniokoa?"

"Ulitukataza," akasema mama.

Tulifunga ndoa baada ya mvua. Tangu hapo, kila alipokuja kwetu, mama mkwe alisimama mlangoni na kusema, "Mwenye nyumba, naomba maji." Nami nilitoka jikoni na mwiko: "Nenda zako, bibi, namngoja mama mkwe wangu!" Tukacheka mpaka majirani wakachoka nasi. Watoto wetu walikua wakidhani bibi wote hukaribishwa hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya themanini kumbukumbu zikaanza kumtoka. Siku moja mimi na mume wangu tulikwenda kumwona Endulen, nimebeba sukari, ambayo sasa ilipatikana dukani bila taabu. Tulimkuta ameketi nje ya nyumba yake akiota jua la asubuhi. Nikainamisha kichwa, akaniwekea mkono, takwenya, iko. Kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Mume wangu akafungua mdomo amwambie. Nikamshika mkono anyamaze, maana uso wa mama ulikuwa umechangamka, amepata mgeni, na sikutaka aone haya kwa kunisahau. Nikaingia nikamchemshia chai, vijiko vitatu. Akaonja, akafumba macho kidogo.

"Umeolewa?" akaniuliza.

"Nimeolewa."

"Una mama mkwe?"

"Ninaye."

"Ni mkali?"

"Watu waliniambia ni mkali," nikasema. "Si kweli. Ananipenda, nami nampenda."

Akatikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu aliyesikia habari njema za jirani. Akanywa chai yake mpaka mwisho, akanirudishia kikombe.

"Ukirudi," akasema, "unisalimie huyo mama mkwe wako."

"Zimefika, yeyo," nikamwambia.