Kifaransa changu kimeniweka nje ya mlango

Nimekaa chini nje ya darasa, naandika.

Mnanijua, nimeendesha lori mpaka Bujumbura, Kifaransa nakula nacho sahani moja. (Sawa, niliishia mpakani.)

Wiki nzima namfundisha mpwa wangu Neema kukata vitenzi vya Kifaransa kwa silabi na kuvitamka. Neema haoni, anashika kila kitu kwa sikio. Kitenzi cha kula nikamkatia kwa kifua kabisa: "Ma-nge-re!"

Leo ndiyo mtihani wa kutamka. Tumefika mlangoni, namsikia mwalimu ndani akitamka kitenzi hichohicho: "Man-je."

Jasho! Nikamshika Neema mkono: "Mama, nisamehe. Kifaransa sikijui."

Akacheka. "Mjomba, nilijua toka Jumatatu. Mwalimu alinirekodia vitenzi vyote, nikakuacha tu ufurahi. Ila hilo mangere lako limeniganda kichwani."

Neema kaingia. Mwalimu alikuwa anaongea, sasa kanyamaza.

Nyie mliosoma, mwalimu akinyamaza ni heri au shari?