Gobore la Babu Lilivyonyimwa Maji

Nilipokuwa mtoto, kule Bweranyange, wanaume wa ukoo wetu walikuwa na jibu la kila kitu, na majibu yenyewe mengi yalikuwa ya kipumbavu. Nasema hivi bila haya, kwa kuwa wengi wao wameshazikwa, na waliobaki hawasikii vizuri.

Siku hizo nguruwe pori walikuwa wakishuka kutoka vichakani na kula viazi vyetu, wakiliacha shamba kama limelimwa na mlevi. Aliyejitwika kazi ya kuwaua alikuwa baba mdogo Kamugisha. Bunduki hakuwa nayo. Alikuwa nayo mama yake, bibi yangu: gobore la marehemu babu, lile unalolimiminia baruti mdomoni, unatia vipande vya chuma, kisha unashindilia kwa ufito mpaka mkono unauma.

Bibi alikuwa na imani yake. Alisema babu alipokufa, kiu yake ilihamia ndani ya mtutu. Kwa hiyo kila gobore likilia, kabla ya kulishwa tena sharti linyweshwe. Unafunga tambara lililoloweshwa maji kwenye ncha ya ufito, unalisukuma hadi chini, unalitoa jeusi kama sufuria, halafu unapitisha tambara kavu. Babu mwenyewe alifanya hivyo maisha yake yote. Alikuwa akimnywesha nani, yeye akiwa bado hai? Sikuuliza. Ningeuliza ningekula kofi.

Baba mdogo alikuwa amebatizwa karibuni, na ubatizo ulimpanda kichwani.

"Mama, mizimu hainywi maji," alisema. "Hayo ni mambo ya kishenzi."

Ungedhani basi amebaki na akili safi. Wapi! Alikuwa na imani yake, aliyoiokota kilabuni kwa wanywa rubisi wenzake: kwamba gobore likishaonja damu halifutwi mdomo mpaka mrudi nyumbani. Ukilifuta, linajua chakula kimekwisha, linakataa kuua. Na mwanamke akiuruka ufito wake, gobore humgeukia mwenye kulishika. Hayo hakuyaita ya kishenzi. Hayo aliyaita ujuzi wa porini.

Bibi hakubishana naye. "Bunduki ni yangu, na itakwenda na mjukuu wangu wa kuinywesha. Kama hutaki, kawafukuze nguruwe kwa rozari."

Ndivyo nilivyokwenda kuwinda, msichana mwenye kibuyu cha maji begani na matambara kiunoni, nyuma ya baba mdogo na jirani yetu Bagenda, mtu ambaye kazi yake duniani ilikuwa kumcheka baba mdogo na kunywa pombe yake.

Umande haujakauka, mbwa walimtoa nguruwe dume kwenye majani marefu ng'ambo ya migomba ya kibanja chetu. Baba mdogo akafyatua. Moshi ulitanda hata sikumwona Bagenda. Ulipopungua, nguruwe alikuwa amejeruhiwa, anazungukazunguka, mbwa wamemshika miguu.

"Baba mdogo, maji haya hapa," nikasema.

"Nenda kule! Limeshaonja damu."

Akamimina baruti, akashindilia. Ufito ukakwama katikati kwa masizi. Akasukuma, akatukana, akausukuma tena kwa tumbo.

"Limeshiba," Bagenda akasema, "au wewe ndiye hukula asubuhi?"

Ufito ukaingia mwishowe. Akapiga tena, akamkosa nguruwe, akampata mbwa wa Bagenda sikioni. Hapo Bagenda aliacha kucheka. Nguruwe akaponyoka kuelekea kwenye viazi, na baba mdogo, kwa hasira na aibu, akautupa ufito nyasini na kuivuta pembe ya baruti shingoni mwake.

Wao walikuwa wakimtazama nguruwe; mimi niliona uzi mwembamba wa moshi ukitoka mdomoni mwa mtutu. Sikujua chochote kuhusu baruti. Nilijua tu kwamba bibi amenituma, na kwamba kumrudia na kibuyu kimejaa kutanigharimu. Nikakimbia nacho. Ufito ulikuwa umelala njiani. Nikauruka.

"Ameruka ufito!" Bagenda akapiga kelele.

Baba mdogo akanisukuma, kibuyu kikapasuka kwenye jiwe, maji yote yakaenda zake chini. "Mshenzi wewe! Umetuharibia!" Huku ananitukana, akaiinamisha pembe, baruti ikaanza kuteremka mtutuni.

Pembe ililipuka mkononi mwake. Nilisikia mlio, halafu nikamsikia mtu mzima akilia kama mtoto anayetolewa mwiba. Kidole gumba na cha shahada hatukuviona tena. Nyusi ziliota baadaye, vibaya.

Kabla damu haijakauka, walikuwa wameshapata mkosaji. Jioni ile wanaume walikaa uani kwetu wakakubaliana kwamba mimi ni mkosi na lazima nisafishwe, na dawa ya kunisafisha ni mbuzi. Ajabu ni kwamba dawa zao zote huwa zinaliwa. Na mbuzi aliyekuwa karibu alikuwa wangu, jike aliyekaribia kuzaa. Bibi alinipa ili watoto wake waninunulie sare ya shule.

Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kama huyu ndiye aliyekosa, mbona vidole vyake vyote vipo?"

Wanaume wakageuka kumtazama mbuzi.

"Gobore lilikuwa na kiu," akasema. "Mmeliacha na kiu, likanywa lenyewe."

Baba mdogo, mkono umefungwa kwa kitambaa cha altare alichoazima kwa katekista, akasema mama yake bado ni mpagani. Baba yangu, ambaye alikubaliana na kila aliyezungumza mwisho, akaenda kufungua mbuzi. Nyama sikupewa hata utumbo. Baba mdogo alikula kwa mkono wa kushoto, akashiba. Shule nilianza nimechelewa, na gauni la kuazima.

Mzimu wa babu sijawahi kuuona, wala sidhani mtu akifa anakwenda kuishi kwenye bomba la chuma. Bibi alikuwa mjinga katika hilo, namwambia hata huko aliko. Siku hizi najua lililokuwa mle ndani lilikuwa kaa dogo la moto lililojificha kwenye masizi, ambalo tambara la maji lingelizima. Lakini ujinga wa bibi ulibeba maji, na ujinga wa mwanawe ulipasua kibuyu. Tangu hapo, mtu akiniletea imani yake sishughuliki kama ni ya mizimu au ya kanisani. Natazama inamfanya abebe nini mkononi.

Juzi tumemzika baba mdogo, huko Kyerwa alikohamia. Nilikwenda kwa bodaboda kutoka Rubwera, mgongo wangu bado unalalamika. Msibani hadithi ilisimuliwa tena, jinsi mguu wa msichana ulivyokula vidole vya marehemu. Mjukuu wake mmoja, kijana mzima mwenye suti, akanisogelea.

"Shikamoo bibi. Eti ni kweli ni wewe uliyeruka ufito?"

"Marahaba. Niliuruka."

"Kwa nini sasa, bibi?"

"Maji yalikuwa upande huu," nikamwambia, "na babu yako alikuwa upande ule."