Dada Hakikisha na Orodha Iliyotangulia

Dada yangu ni fundi wa kompyuta, na kazini wanamwita Hakikisha. Jina hilo hakulipata bure. Ukimwambia printa imekufa, atakuuliza, "Umehakikisha imechomekwa?" Ukimwambia mvua inanyesha, atachungulia dirishani kwanza. Mimi ni mdogo wake, nimelelewa na maswali hayo tangu tulipokuwa tukilala kitanda kimoja. Siku nilipompelekea habari kwamba nimepata mchumba, kabla hajanipongeza aliniuliza kama nimehakikisha hana mke mwingine. Hakuwa naye. Nilihakikisha.

Mchumba yule ndiye mume wangu. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma, fundi hasa, mpaka mtungi wa gesi ulipomlipukia karakanani na kuondoka na macho yake yote mawili. Mwaka mzima baada ya hapo alikaa ndani akiuelekezea ukuta uso. Aliyemtoa ndani ni dada. Alikuja asubuhi moja na fomu za chuo anachofanyia kazi, chuo cha watu wazima wasioona wanaojifunza kuandika kwa kompyuta na kupokea simu za ofisi. "Shemeji, vaa viatu," akamwambia. "Ukuta huo hauna jipya." Kwa hiyo mtu asije akadhani simpendi dada yangu. Nampenda. Ila siku ya mtihani nusura nimrarue kwa kucha.

Mtihani ulikuwa saa nane mchana, na kwa mume wangu ulikuwa wa mwisho. Chuo kinaruhusu kujaribu mara mbili tu, na mara ya kwanza aliteleza kwa alama nne. Hospitali moja ilikuwa imemwekea kiti kwenye chumba chao cha simu, lakini wanamtaka na cheti, na walishasema hawatangoja zaidi ya mwisho wa mwezi. Niliomba ruhusa kiwandani kwetu, ninakofunga vitabu, nikampeleka mwenyewe. Nikaketi kwenye benchi la korido, ukumbi wa mtihani mkono wa kulia, chumba cha dada mbele yangu, mlango wazi.

Pale chuoni kila kompyuta inasema. Kuna programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo, na mwanafunzi anasikiliza kwa hedifoni. Mwaka huo ofisi ya mitihani ilitoa karatasi ya mtihani ya kwenye kompyuta, ambayo inafunguka kwa toleo jipya tu la programu hiyo. Kazi ya dada asubuhi ile ilikuwa kuzisasisha kompyuta kumi na mbili za ukumbini. Kazi ya nusu saa, alisema, na akanywa chai yake bila haraka.

Saa tatu nikamsikia anasema, "Haiwezekani."

Dada yangu hasemi neno hilo. Nikainuka nikaenda mlangoni.

"Kompyuta ya kwanza imekataa," akasema. "Inasema kifurushi hakilingani na orodha."

Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mama, na akanieleza huku anatembea. Mtandao wa chuo ni mchovu, kwa hiyo chini ya meza yake ameweka kompyuta moja aliyoiita ghala. Kila Ijumaa ghala linavuta kutoka mtandaoni programu mpya, kila moja kwenye kifurushi chake, pamoja na orodha inayotaja jina la kila kifurushi, ukubwa wake na alama yake. Alama hiyo ni namba ndefu inayopigwa hesabu kutokana na kilichomo ndani. Ikibadilika herufi moja tu, na alama inabadilika. Kompyuta za ukumbini husoma orodha kwanza, halafu huchukua kifurushi na kukipima. Kisipolingana, zinakitema.

"Basi zilazimishe," nikasema.

Aliniangalia kana kwamba nimemwambia ale mchanga. "Kifurushi kikija tofauti na kilivyoandikwa, maana yake kimeharibika au mtu amekichezea. Nikilazimishe nikiwa nimehakikisha nini?"

Akabadilisha kebo. Akaizima na kuiwasha. Akafuta nakala ya orodha iliyobaki kwenye kompyuta ya kwanza ili ichukue upya, ikachukua ile ile, ikatema tena. Ya pili ikatema. Ya tatu ikatema. Saa tano kasoro ya kumi na mbili nayo ikatema. Bila toleo jipya karatasi haifunguki, na isipofunguka hakuna mtihani.

Hapo akarudi chumbani kwake, akapekua ghala lenyewe. Kifurushi cha programu ya sauti kilikuwa kimeguswa mara ya mwisho Jumamosi, saa nne asubuhi. Si Ijumaa. Jumamosi chuo kinafungwa, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa jengo ili aje kujifua. Mume wangu.

Sikupata hata nafasi ya kupumua. Dada alitoka mbiombio, akaingia ukumbini ambako watahiniwa walikuwa wameketi wakizoea viti vyao, na mbele ya wote akasema kwa sauti ya juu: "Shemeji! Jumamosi ulishika nini kwenye kompyuta yangu?"

Mume wangu akageuza uso kuelekea sauti ilipotoka. "Sikushika kitu, dada."

"Kifurushi kimebadilika Jumamosi. Aliyekuwa hapa Jumamosi ni wewe peke yako. Umeharibu mtihani wa watu kumi na wawili!"

Huyu ndiye Hakikisha? Huyu anayechungulia mvua dirishani? Na kibaya zaidi, kwenye meza ya mbele alikuwa ameketi msimamizi kutoka ofisi ya mitihani, mama mmoja mnyoofu, miwani imefungwa kamba shingoni. Akafungua daftari lake, akaandika, akatazama saa, akaandika na saa.

"Mtahiniwa namba kumi na mbili," akasema taratibu. "Kanuni inasema mtahiniwa anayetajwa kuchezea mitambo ya mtihani hataketi. Tafadhali toka ukumbini."

Wakamtoa. Mhudumu akaja akakichukua kiti chake, kile cha kukunja, akakikunja na kukiegemeza ukutani. Sauti ya kile kiti kikifungwa sijaisahau. Niliona dada anakitazama na rangi imemtoka, kama mtu aliyetupa jiwe akadhani halitafika. Alirudi kwenye ghala lake.

Mume wangu alikuja kuketi nami kwenye benchi, fimbo imelala magotini, na kwa mara ya kwanza tangu dada amtoe ndani, akaelekeza uso ukutani. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Niliingia chumbani kwa dada nikampa za uso. Nilimwambia kwamba amemvika mtu macho ili amng'oe tena. Nilimwambia kama ana roho ya kumwangamiza mume wangu, angemwacha tu nyumbani.

"Faili ina saa juu yake," akanijibu, hakuniangalia. "Saa haidanganyi."

"Dada." Ilikuwa sauti ya mume wangu, mlangoni nyuma yangu. Alikuwa ametufuata kwa fimbo. "Mimi nilikupigia."

"Lini?"

"Jumamosi. Mara nne. Nilikuwa ukumbini najifua, nikasikia kompyuta yako inasema ndani, mlango umefungwa. Ile spika yako. Inarudia jambo moja tu. Hukupokea, nikakuachia ujumbe wa sauti."

Ni kweli dada ameliwekea ghala spika, lisome makosa yake kwa sauti linapokuwa linavuta, ili hata akiwa koridoni asikie. Na ni kweli pia kwamba hasikilizi ujumbe wa mume wangu. Shemeji yake ni mtu wa mzaha. Kila mara anamwachia sauti akimwigiza mkuu wa chuo anavyokohoa. Baada ya vikohozi kumi na vitano dada aliacha kufungua.

Akaitoa simu mfukoni. Simu nne hazikupokelewa, Jumamosi. Ujumbe mmoja haujasikilizwa. Akabonyeza.

Kwanza ilikuja sauti ya mume wangu: "Shemeji, leo si utani, sikiliza hii." Kisha kishindo cha simu ikigusa mbao za mlango, halafu, kwa mbali, ile sauti kavu ya kompyuta: "Orodha mpya imepokelewa. Vifurushi vitatu havijakamilika. Mtandao umekatika. Orodha mpya imepokelewa. Vifurushi vitatu havijakamilika."

Dada aliketi. Hakutafuta kiti, aliketi tu, na bahati kiti kilikuwepo.

"Mungu wangu," akasema. "Ni mimi."

Nilidhani amechanganyikiwa, lakini alikuwa anaona sasa kuliko asubuhi nzima. Miaka yote hiyo alilipanga ghala livute orodha kwanza, vifurushi baadaye, kwa sababu tu anapenda kusoma mapema kinachokuja. Ijumaa orodha iliingia, kioo kikaandika "imekamilika", naye akazima taa akaenda nyumbani. Vifurushi havikuja. Jumamosi saa nne mtandao ulirudi kidogo, kifurushi cha sauti kikaanza kuingia, kikakatikia njiani. Ile saa aliyoiona ilikuwa ya mtandao, si ya mtu. Orodha yake ilikuwa inatangaza vitu ambavyo ghala halina.

"Kumbe hukuhakikisha," nikasema. Sikuweza kujizuia.

Alivuta kiti, akaiondoa ile orodha, akaanza kuvuta vile vifurushi vitatu kwanza, kimoja kimoja, akipima alama ya kila kimoja kinapoingia. Mtandao ulijikokota. Mimi nilisimama nyuma yake nikiomba kimoyomoyo. Saa saba kasorobo cha tatu kikaingia. Ndipo akaileta orodha, mwisho kabisa, akakimbia ukumbini. Kompyuta ya kwanza ikapokea. Ya pili ikapokea. Saa saba na nusu zote kumi na mbili zilikuwa tayari, na kiti kimoja bado kimeegemea ukuta.

Akaenda mbele ya msimamizi. "Nilikosea. Namba kumi na mbili hakushika kitu. Kosa ni langu."

Msimamizi akavaa miwani. "Nilichoandika kimeshaandikwa. Wewe ni shemeji yake, maneno matupu hayatoshi. Niandikie, uweke sahihi, nakala moja iende kwenye faili lako. Na kwa kanuni ya chuo hiki, waraka unaomhusu mtahiniwa lazima asomewe na kompyuta, si na mtu, ili asisomewe kilichopunguzwa."

Dada ana miaka kumi na saba pale, faili lake halina hata doa. Lakini akasimama mbele ya kompyuta ya kumi na mbili, maana kiti hakikuwepo, akaandika. Mume wangu akaletwa akasimama kando. Dada akachomoa hedifoni mwenyewe, kwa mkono wake, akabonyeza.

Ukumbi mzima ukasikia. "Mimi, fundi wa kompyuta wa chuo, nilimsingizia shemeji yangu mbele ya watu. Hitilafu niliisababisha mimi siku ya Ijumaa kwa kutokagua kazi yangu. Yeye aliigundua siku ya Jumamosi. Aliniita mara nne. Sikuitika."

Ile sauti haijui aibu. Ilisoma "sikuitika" kama inavyosoma tarehe, na watu kumi na mmoja wasioona walikuwa wamegeuza nyuso zote upande mmoja. Sikuwahi kudhani nitasikia maneno hayo kutoka kwa dada yangu, hata kwa mdomo wa mashine.

"Mtahiniwa, umesikia?" msimamizi akauliza.

Mume wangu akaegemeza fimbo mezani. "Nimesikia," akasema. "Lakini naomba irudie. Nataka kuhakikisha."

Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, kisha ukumbi wote, hata msimamizi alishusha miwani. Dada hakucheka. Alibonyeza, ikasoma tena yote, mpaka "sikuitika". Kisha akaenda ukutani, akakileta kiti, akakikunjua, akamshika shemeji yake mkono na kumkalisha. Safari hii hakumuuliza kitu. Alitoka akaja kuketi nami kwenye benchi, akaniegemea bega, na akalia mpaka ukosi wa gauni langu ukalowa.

Mume wangu alifaulu. Siku ya kwanza alipokaa kwenye chumba cha simu cha hospitali, alipewa dakika tano za kujaribu mitambo, apige namba yoyote aipendayo. Mimi nilikuwa kwa dada, jikoni, naye anakanda unga, mikono imejaa mpaka viwikoni. Simu yake ikaita mezani. Aliidaka na unga wake wote kabla mlio wa kwanza haujaisha, akaiweka sikioni.

"Nipo, shemeji," akasema. "Nakusikiliza."