Maelezo Niliyoyatia Sahihi Bila Kuyasoma

Hili sijawahi kulisimulia hadharani, na mngeniuliza kingine chochote ningefurahi zaidi, maana aibu yake haijapoa na sidhani kama itapoa. Mimi nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka mingi huku Rulenge, hadi nikastaafu, na mtu akipokea barua yenye muhuri ananiletea mimi nimsomee. Sasa sikilizeni huyo msomaji wenu alichofanya.

Shuleni kwetu ziliibwa betri za sola. Mlango wa stoo haukuvunjwa, na ufunguo wa akiba ninao mimi, mwenyekiti wa kamati ya shule, kwa hiyo haikushangaza nilipopigiwa simu niende kituo cha polisi kuhojiwa. Mke wangu aliposikia tu akajifunga kitenge, akasema, "Usiende peke yako. Subiri nimwite Leokadia." Leokadia ni msaidizi wa kisheria wa kata yetu, amesomea mambo hayo, na watu wakipata matatizo ya mashamba au ya polisi wanamkimbilia yeye. Tatizo ni kwamba nilimfundisha darasa la nne. Nikajiona nimekaa kituoni kama mgonjwa aliyesindikizwa, Leokadia akiniambia jibu hili, usijibu lile, nikaona hapana, mwalimu hashikwi mkono na mwanafunzi wake. Mke wangu alipotoka kwenda kumwita, mimi nikatokea mlango wa nyuma, nikapita katikati ya migomba mpaka barabarani, nikapanda bodaboda. (Mtu mzima, mwenye wajukuu, anatoroka kwake.) Njiani ndipo nikajipapasa mfukoni na kugundua kwamba miwani nimeiacha mezani.

Mpelelezi alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Aliniambia nahojiwa kama mtuhumiwa, kwamba silazimiki kusema lolote, na kwamba nina haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati natoa maelezo. Akauliza, "Kuna mtu ungependa aitwe?"

Nikamjibu, "Afande, mimi ni mwalimu. Najitosheleza."

Basi nikaanza kusema. Na nilisema, jamani, maana nilidhani mtu asiye na hatia akisema mengi ndivyo anavyoaminika. Nikasimulia historia ya shule, nikasimulia kamati, nikafika kwenye funguo. Nikasema mdogo wangu Deo, ambaye ni fundi wa sola, niliwahi kumpa ufunguo wa stoo betri ziliposumbua, mwalimu mkuu wa wakati ule akiwepo, na Deo akaurudisha siku hiyohiyo. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini nikaendelea na ufunguo wa geti, ambao ulipotezwa na mtu mwingine kabisa na haujarudi mpaka leo, nikarudi kwa Deo, nikaenda tena kwenye geti, na mpelelezi, kijana wa watu, anaandika tu, anafuta jasho.

Alipomaliza akauliza, "Nikusomee au utasoma mwenyewe?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema sioni. Ni maneno machache tu. Nikasema, "Lete, nisome."

Nikazishika karatasi mbali na uso, nikapeleka macho kushoto na kulia, nikatulia kidogo kama mtu anayepima sentensi, nikatikisa kichwa, nikafungua ukurasa wa pili. Nilichoona ni mistari ya ukungu. Nikatia sahihi kila ukurasa, sahihi yangu ile ndefu ya kwenye ripoti za wanafunzi, nikaruhusiwa kurudi nyumbani, na njiani nikajisifu.

Kesho yake asubuhi wakamkamata Deo gulioni, mbele ya wateja wake, akiwa ameshika redio ya mtu anayoitengeneza.

Tulienda kituoni mimi, mke wangu, mke wa Deo na Leokadia, ambaye hakuninunia wala kunikumbusha chochote, na hilo liliniumiza zaidi. Leokadia akauliza kwa adabu Deo amekamatwa kwa msingi gani. Mpelelezi akafungua jalada na kusoma maelezo yangu kwa sauti: nilimpa ndugu yangu Deo ufunguo wa stoo, na hakunirudishia mpaka leo. Kwenye benchi palikuwa na watu wa kijiji chetu, wakageuka wote kunitazama.

Mpelelezi akaniuliza, "Mwalimu, sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulisoma kabla ya kusaini?"

Ikabidi niseme. Nikasema sikuwa na miwani, nilijifanya nasoma. Mtu mmoja kwenye benchi akakohoa kuficha kicheko. Mke wa Deo hakucheka. Alinitazama tu, kisha akakaa chini, pale pale sakafuni.

Leokadia ndiye aliyehangaika. Alimtafutia Deo wakili mjini Ngara, akampata kwa simu yule mwalimu mkuu wa zamani, ambaye siku hizi yuko Nyakahura kule Biharamulo, naye akasafiri kuja kueleza kwamba ufunguo ulirudishwa mbele yake. Mimi nikaandikisha maelezo ya nyongeza, wakili akiwa pembeni, safari hii nikasomewa neno kwa neno. Deo akapewa dhamana. Lakini wakili alinieleza waziwazi kwamba maelezo ya kwanza hayachanwi, yanabaki kwenye jalada pamoja na haya mapya, na upelelezi haujakamilika. Mpaka leo Deo hajashtakiwa wala hajaambiwa yuko huru, na watu wameacha kumpelekea kazi.

Siku alipotoka nilimfuata nimwombe msamaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema taratibu, "Kaka, siku nyingine wakikuuliza habari zangu, sema hunijui."

Nimeapa sitaingia tena chumba cha mahojiano bila mtu wangu pembeni, na ninyi mkiitwa, hata mkiwa hamna kosa lolote, mwiteni Leokadia kabla hamjafungua mdomo. Lakini kiapo changu hakimsaidii Deo. Kila Jumatatu anakwenda kuripoti kituoni, na njia inapita mbele ya nyumba yangu. Huwa nakaa nje nimsubiri. Ananiamkia, "Shikamoo kaka," bila kugeuka, na ninapofungua mdomo kuitikia, ameshapita.