Bolti Yenye Rangi ya Kucha

Fundi Sikio jina lake kalipata kihalali. Ukimpelekea gari bovu hafungui boneti kwanza. Anainamisha kichwa, anafumba macho, kisha anakutajia ugonjwa. Kwa miaka ishirini na mitatu amekosea mara mbili, na ya pili lilikuwa trekta, kwa hiyo hatuihesabu. Basi asubuhi gari la mkewe lilipoanza kukoroma likirudi nyuma, alijua shida kabla hajameza chai iliyokuwa mdomoni.

"Beringi ya giaboksi," alisema. "Jumamosi naishusha."

"Hushushi kitu," alisema mkewe.

Mkewe ni mkunga. Gari lile alilinunua jipya, kwa zamu za miaka tisa, likiwa na dhamana ya miaka mitatu ambayo sasa ilibakiza wiki sita. Kijitabu cha dhamana alikiweka pamoja na cheti cha ndoa. Akakifungua ukurasa wa kumi na nne, akasoma kwa sauti ileile anayotumia kuwaambia wajawazito wasisukume bado: gari likiguswa na fundi asiyeidhinishwa, dhamana imekufa.

"Asiyeidhinishwa nani? Mimi?"

"Umeandikwa humu, baba watoto?"

"Mimi ni mumeo."

"Waume hawajaandikwa."

Zilizoandikwa zilikuwa karakana mbili. Moja iko milango minne kutoka gereji ya Fundi Sikio, barabara ileile, na wateja wake wote wangemwona akiingiza gari kwa watu wengine. Ya pili iko upande mwingine wa mji, saa moja na nusu ukikuta foleni. Mtu mwenye akili timamu angechagua ya karibu. Fundi alichagua ya mbali, akasema amepata habari kwamba vifaa vyao ni bora. Hakuwa amepata habari yoyote.

"Sawa," alisema mkewe. "Lakini mpaka Jumatatu mkono wako usifike chini ya gari langu."

Ulifika. Jumapili, mkunga akiwa bafuni, jamaa alijilaza chini ya gari, kuangalia tu. Akakuta bolti moja inayoshikilia giaboksi imelegea. Sasa wewe mwambie fundi aione bolti imelegea, aiache. Ni kama kumwambia mama apite mbele ya mtoto mwenye makamasi. Akaikaza. Na akishakaza bolti, mkono wake una tabia yake, hauulizi mtu: huchora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye bolti hadi kwenye chuma, ili siku ikilegea mstari ukatike, aone. Rangi ni nyekundu, na ni ya mkewe. Mkunga kucha za mikono hapaki, kazi hairuhusi. Anapaka za miguu.

Mkoromo haukuisha. Beringi ni beringi.

Jumatatu waliketi kwenye viti laini vya karakana ya mbali, mbele ya ukuta wa kioo. Binti wa mapokezi akauliza gari lina shida gani.

"Beringi ya nyuma ya..." Mkewe akamkanyaga. "Linakoroma," alisema fundi.

"Linakoromaje, mzee?"

"Linakoroma tu, binti yangu. Sisi magari hatuyajui."

Sentensi ile ilimtoka kama jino.

Baada ya saa nzima alikuja msimamizi, mtu wa koti jeupe lisilo na hata tone la oili, mkononi ana simu yenye picha.

"Kuna kitu tumekikuta," alisema. "Bolti ya giaboksi. Ina alama nyekundu."

Mkunga aliitazama picha. Akamtazama mumewe, bila haraka. Kisha akavuta miguu yake chini ya kiti, maana alikuwa amevaa viatu vya wazi. Fundi aliona dhamana inakata roho.

"Nimeangalia fomu ya huduma iliyopita, mama alipolileta hapa," msimamizi akaendelea. "Imeandikwa bolti zote zimekaguliwa na kuwekewa alama, na sahihi ipo. Kwa hiyo ni fundi wetu. Na bolti iliyokazwa vizuri namna hii sijaiona siku nyingi. Nimewaita wote waje waione."

Kweli, nyuma ya kioo watu sita walikuwa chini ya gari, shingo juu. Bonge mmoja, mwenye ile sahihi, alikuwa anapigwapigwa mgongoni. Alionekana kushangaa kidogo, ila sifa hakuzirudisha.

Fundi Sikio akafungua mdomo. Mtu huyu hajawahi kukaza bolti bila kuitolea hotuba. Mkewe alimwekea kijitabu gotini, ukurasa wa kumi na nne, akakigonga kwa kidole mara mbili.

Mdomo ukafungwa, ukafunguka tena kwa shida.

"Ana mkono mzuri," alisema fundi.

"Ndiyo maana watu wanakuja kwetu, mzee, hawaendi kwa hawa mafundi wa barabarani."

"Hao," alisema Fundi Sikio, "ni balaa."

Alhamisi gari lilikuwa tayari, bure. Kwenye karatasi waliandika: beringi ya nyuma. Fundi aliisoma mara tatu. Binti akampa fomu ya maoni yenye mistari miwili. Akaijaza yote, akageuza karatasi, akaendelea kwa nyuma: jinsi bolti ile ilivyokazwa, kwa nini mstari wake umekaa mshazari, na kwamba aliyeikaza apandishwe cheo.

"Umemaliza?" mkewe aliuliza, funguo mkononi. "Tupitie dukani. Rangi yangu imebaki tone."

"Bado kidogo, mama."

Chini, penye nafasi ya jina, aliandika: Mteja asiyejua magari.