Wiki Tatu Nilizoahidi Bila Kuangalia Fishi

Nilikuwa na miaka ishirini na sita wakati mkurugenzi wa ofisi yetu ya afya pale Bukavu aliponiuliza, mbele ya wafanyakazi wote, kazi yangu itachukua muda gani. Nilijibu hata kabla hajamaliza swali.

"Wiki tatu, sitwayen mkurugenzi."

Hiyo ilikuwa bado Zaïre, tulipoitana sitwayen, yaani raia, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Nilikuwa nimerudi kutoka Kinshasa na diploma ya enformatike, na ofisi ilikuwa imepewa ordinateri, yaani kompyuta, mbili. Watu wa ofisi za jirani walipita kuzichungulia dirishani. Mimi niliagizwa kutengeneza programu ya kushika fishi, yaani kadi, za chanjo za watoto, kuanzia Kalehe mpaka Nyangezi, ili kila mwezi mashine itoe orodha ya watoto ambao zamu yao imefika. Mpaka siku ile wauguzi walikuwa wakiyafanya hayo kwa kalamu.

Nakala za fishi hizo, zile zilizofika mjini, zilikuwa mikononi mwa maman mmoja wa makamo aliyezitunza miaka mingi. Katika mkutano ule alisimama na karatasi mkononi.

"Mimi nilichukua kisanduku kimoja, nikajaribu kukipanga upya, fishi moja moja," alisema. "Nilimaliza siku mbili. Na vyote viko makumi sita. Mutoto mumoja iko na fishi mbili, moja ya jina la karatasi, ingine ya jina la nyumbani. Wengine hawana tarehe, wameandika tu 'wakati wa kupanda maharagi.' Mimi naona itaomba miezi sita. Afazali kijana aangalie kwanza."

Nilicheka. "Maman, hiyo ni hesabu ya mikono. Mashine haina mikono."

Watu wakacheka pamoja nami. Yeye akaikunja karatasi yake, akaketi. Sikuwa nimefungua hata kisanduku kimoja.

Mkurugenzi akaandika barua kwa vituo vyote: leteni fishi zenu Bukavu, zitarudi zikiwa orodha baada ya wiki tatu. Zikaja kwa makatoni ndani ya Land Rover.

Wiki ya pili nilimwonyesha mkurugenzi programu ikitembea. Nilikuwa nimeingiza watoto kumi niliowabuni mwenyewe, kila mmoja na jina moja tu na tarehe kamili. Orodha ikatoka safi, naye akanipigia makofi. Nilimwambia imebaki kuingiza fishi tu. Hilo neno "tu" hadi leo linaniumiza.

Kwa sababu ndipo nikafungua makatoni. Fishi ya kwanza haikuwa na tarehe, na mashine ikaikataa. Ya tano ilikuwa ya mtoto yuleyule wa fishi ya pili, au ya ndugu yake, sikujua. Nikabomoa programu na kuijenga tena. Umeme ukakatika nikapoteza kazi ya asubuhi nzima, nikaanza upya. Maman alikaa chumba cha pili, mlango wazi, na mimi sikwenda kumuuliza kitu. Mkurugenzi alipopita nilisema, "Iko karibu kwisha." Nilisema hivyo wiki ya nne, nikasema wiki ya saba, nikasema wiki ya kumi.

Asubuhi moja muuguzi wa Nyangezi aliingia na mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni.

"Huyu maman alipoteza karatasi yake," muuguzi alisema. "Fishi ilikuwa kwangu, mukaichukua. Sasa sijue mutoto alishapata chanjo gani, na surua imeingia kwa majirani yake. Nimuandike nini?"

Nikatafuta katika mashine. Sikumwona. Nikatafuta katika makatoni, mama amesimama, mtoto akilia. Mwishowe maman wa fishi akatoka chumbani kwake, akamuuliza yule mama jambo moja tu: "Bibi yake anamuita nani?" Aliposikia jina la nyumbani, akaenda moja kwa moja kwenye katoni la tatu, akarudi na fishi. Mtoto hakuwa amepata ya surua. Walimchanja siku hiyohiyo.

Wiki ile mkurugenzi alituita. Mtu wa juu alikuwa amemuuliza kwa nini vituo vinafanya kazi bila fishi. Akanigeukia.

"Shida ilikuwa wapi?"

Nilisema: "Fishi zilitufikia vibaya, sitwayen. Anayezitunza hakuniambia ziko katika hali gani."

Kila mtu chumbani alikuwa amemsikia akiniambia. Wakatazama karatasi zao. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa amesikia, lakini barua zilikuwa na sahihi yake, na jibu langu lilimfaa. Maman alinitazama, si kwa hasira, akateremsha macho. Mwezi uliofuata walimpeleka Kalehe, kwenye depo ya sabuni na maziwa ya unga.

Kazi ilikwisha mwezi wa sita tangu niahidi ukienda kuisha. Watu walinipongeza.

Nilichelewa sana kwenda Kalehe. Nilimkuta depo akihesabu makatoni. Alinipa kiti, akabaki amesimama.

"Maman, nilikosa. Nilisema uongo juu yako."

"Ulisema. Nilikuwa pale."

Akahesabu katoni moja zaidi.

"Mukurugenzi ulishamwambia?" akauliza.

"Bado."

"Basi ulikuja kwangu kufanya nini? Mimi najua ukweli. Enda umuambie ule asiyetaka kuujua." Kisha akanipa chai, kwa sababu nilikuwa mgeni.

Nilikwenda kweli. Nilimweleza mkurugenzi yote nikiwa nimesimama, jasho likinitoka ndani ya abakosti, ile suti isiyo na tai ya enzi hizo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichezea kifuniko cha kalamu.

"Mambo hayo yalishapita, sitwayen," akasema. "Rudi kazini."

Nikarudi kazini. Ningeweza kuandika barua kwa wale waliokuwa juu yake. Anwani nilikuwa nayo, na mashine ya kuandikia ilikuwa mbele yangu kila siku. Sikuandika. Maman alibaki Kalehe mpaka alipostaafu.